Ngazi Iliyotazamwa kwa Chini

Lori lilikuwa limeshatoa pua barabarani, nusu ndani ya geti, nusu nje, pale Cheche alipochomoza kichwa dirishani na kupiga kelele, "Shemeji! Ukimaliza kubusu hicho kioo chako cha kompyuta, utuletee chai!"

"Chai mtakunywa huko huko mnakokwenda," Mchoraji akamjibu. "Angalia kamba, isije ikalegea."

Nyuma ya lori ngazi ilikuwa imelazwa juu ya matairi mabovu, imefungwa huku na huku kama mgonjwa mbishi anayepelekwa hospitali asikokutaka. Ilikuwa ngazi ya mzunguko: nguzo moja ya chuma katikati, vipandio vimeizunguka kama feni, na kwa nje kishikio kimoja kilichopinda toka chini mpaka juu. Mbele walikaa watu watatu. Aliyeshika usukani ni mume wa Mchoraji. Katikati alikaa Mzee, mwenye karakana, baba mkwe wake, kimya, kofia magotini. Dirishani ni Cheche, mdogo wa mumewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu aanze kuchomelea hakuna shati lake lisilokuwa na matundu.

Lori likakata kona, vumbi likatulia. Mchoraji akarudi ofisini. Nasema ofisi, lakini kilikuwa kipembe cha karakana kilichokatwa kwa mbao nyembamba, na ndani yake meza, kalenda iliyopitwa na wakati, na kompyuta nzee inayounguruma kuliko grenda ya kukatia chuma.

Ngazi ile haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Mama, mke wa Mzee, na ilikuwa inapelekwa nyumbani kwao. Kiharusi kilimpata mwaka uliopita akiwa katika ngazi ya ndani ya nyumba yao, ile ya mbao, nyembamba, isiyokuwa na pa kushika. Akaporomoka mpaka chini. Alipona, lakini mkono wa kushoto ulipooza moja kwa moja, na mguu wa kushoto ukawa wa kubembelezwa. Tangu hapo alilazwa sebuleni nyuma ya pazia, na chumba chake cha juu, alichokipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, kikabaki kufungwa.

"Nimekuwa redio," alisema siku moja. "Kila anayeingia ndani ananiwasha, akichoka ananizima."

Kisha akala kiapo. Mtoto wa dada yake anakuja na gari Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ikiwa mpaka hiyo Jumamosi hajarudi chumbani kwake, atapanda gari hilo aende akaishi kwa dada yake, nyumba isiyokuwa na ghorofa, na Mzee abaki na ghorofa lake. Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi katika maneno. Alipotamka hivyo, Mzee alitoka nje akakaa uani, akarudi na futi ya kupimia, akapima toka uani mpaka roshani ya chumba kile.

Sasa, Mzee alikuwa na namna yake ya kuchora. Hakuchora kwenye karatasi. Alifagia sakafu ya karakana, akapiga magoti, akachora kitu kizima kwa chaki, kwa ukubwa wake ule ule. Kama ni mlango, alisimama ndani yake akaona kama bega linapita. Kama ni kitanda, alijilaza juu yake na viatu vyake. Lakini vipandio vya ngazi ya mzunguko vinapishana juu kwa juu, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsema. Mwanawe akamwambia, "Baba, mwachie mkweo. Mashine inachora kitu kizima, unakizungusha unavyotaka."

Mzee akafagia sakafu, akaweka chaki ndani ya kopo, akafunika. "Haya. Tuone hicho kioo." Akatoa sharti moja tu: "Mama yenu ana mkono wa kulia peke yake. Akipanda, kishikio kiwe kulia kwake."

Maana yake ni kwamba ngazi ipinde kushoto mtu anapopanda. Ukipanda unapinda kushoto, nguzo iko kushoto kwako na kishikio cha nje kiko kulia. Mchoraji akaichora hivyo hivyo. Hapo hakukosea.

Basi, lori limekwenda. Mchoraji alikuwa amebakiwa na kazi moja ndogo. Alitaka Mama apate picha ya ngazi yake iliyovikwa rangi, si ile michirizi ya waya anayofanyia kazi kila siku. Mashine ilikuwa dhaifu. Ukiiambia ioneshe vitu vikiwa na miili yake, inagoma, feni inalia, unakwenda kufua unarudi. Kwa hiyo alizoea kuchora kwa waya tupu: unaona mistari ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kitu kizima kama kimeundwa kwa nyuzi. Alibonyeza pa kuvika miili, akasubiri, akang'oa uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa gauni lake.

Picha ikaja kipande kwa kipande. Kwanza duara. Kisha vipandio. Halafu akaona vipandio vina mbavu.

Mbavu ni vile vyuma vidogo vinavyochomelewa chini ya kipandio ili kisibonyee. Mtu akiitazama ngazi kutoka juu hawezi kuviona. Na pale katikati, mbele kabisa ya macho yake, ikafunguka sahani ya msingi, ile yenye matundu ya bolti, inayokaa sakafuni.

Akabonyeza pa kutazama kutoka juu. Ngazi ikajipindua yote, na namba alizoziandika kwenye vipandio zikageuka kinyumenyume, kama maandishi ya gari la wagonjwa.

Alikuwa ameitazama kwa chini. Wiki nzima.

Akakumbuka hata siku yenyewe. Cheche alikuja kuegemea mlango, anasimulia habari za mteja aliyeagiza geti akasahau kuwa hana ukuta. Yeye anacheka, kidole kiko kwenye gurudumu la kipanya, mkono ukateleza, ngazi ikabiringika kwenye kioo kama mpira. Akaizungusha kuirudisha. Akaizungusha mpaka duara likawa duara na vipandio vikakaa sawasawa kama mwanzo. Lakini duara la waya ukilitazama kwa juu ni duara, na ukilitazama kwa chini ni duara vile vile. Kisha akavuta karibu, kama kawaida yake, mpaka kipandio kimoja kikajaza kioo kizima, akakiandikia namba. Akasogea pembeni kidogo, kipandio cha pili, namba. Cha tatu, namba. Hakurudi nyuma hata mara moja kuona zinazungukia upande gani. Kurudi nyuma ni kusubiri, na mashine ilikuwa imemchosha. Namba aliziandika zikitazama uso wake, zikasomeka vizuri. Akachapa karatasi ambayo kushoto kwake kumegeuka kulia. Watu wakakata chuma.

Sakafu ya Mzee haina upande wa chini. Chaki huwezi kuitazama kwa nyuma. Wazo hilo lilimjia, akalifukuza.

Akapiga simu ya mumewe. Ikaita pale pale karakana, juu ya meza ya vyuma, chini ya glavu. Akapiga ya Cheche, imezimwa. Mzee hakuwahi kukubali kununuliwa simu. Mchoraji akachukua kanga, akafika mlangoni, akasimama. Akifika kule atasema nini? Kateni? Msikate? Hakujua ngazi iliyokosewa ni mbaya kiasi gani. Akarudi kwenye kiti.

Kulikuwa na njia moja ya kutazama ambayo hakuwahi kuitumia, kwa sababu aliiona ya mchezo. Badala ya kuelea juu ya kitu kama kunguru, unaingia ndani, unaiambia mashine macho yako yako kimo gani, unatembea. Akatoa nakala ya mchoro, akaigeuza kama kwenye kioo cha kujitazamia, iwe sawa na ngazi iliyokatwa, kisha akaweka kimo cha Mama, ambaye ni mfupi, anayemfika yeye begani. Akasimama mbele ya kipandio cha kwanza, akapanda.

Ilikuwa mbaya kweli. Ngazi inapinda kulia, kishikio nacho kinakwenda kushoto, upande wa mkono uliokufa. Mkono wa kulia una nguzo tu, na kwenye nguzo ndiko vipandio vinakobanwa vikawa vyembamba kama ncha ya kipande cha keki. Akapanda mpaka juu, mashine inakwama, inaruka, inakwama. Alipofika mwisho akageuza macho ili ashuke, maana hakuwa amejifunza namna nyingine ya kutoka.

Akaona kishikio kiko kulia kwake.

Akasita. Akashuka kipandio kimoja, viwili. Kishikio kulia, kipandio kipana chini ya mguu. Akatoka, akafungua mchoro wake wa kwanza, ule sahihi, ule alioagiza Mzee. Akapanda: kishikio kulia, vizuri. Akageuka kushuka: kishikio kushoto. Kulia, nguzo na wembamba.

Mama alianguka akipanda au akishuka? Akishuka. Wote walijua. Na tangu siku ile nyumba nzima imekuwa ikiulizana Mama atapandaje. Hakuna aliyeuliza atashukaje.

Mchoraji akazima mashine akaenda kutafuta pikipiki.

Alipofika uani, ngazi ilikuwa imeshasimama. Bolti tatu kati ya nne zilikuwa zimekazwa. Mzee amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pima maji mkononi, anaitazama ngazi kama mtu anavyomtazama jamaa aliyekuja bila taarifa. Mumewe anazungukazunguka. Cheche yuko kwenye nguzo na spana, na kwa mara ya kwanza hana utani. Mama ametolewa nje kwenye kiti, mlangoni pa jikoni, miguu imefunikwa shuka.

"Imegeuka," mumewe akamwambia kabla hata hajashuka vizuri kwenye pikipiki.

"Najua. Ndiyo nimekuja. Nimekosea mimi. Nilikuwa naitazama kwa chini, nikadhani natazama kwa juu."

"Mtu anawezaje kutazama kitu kwa chini asijue?"

"Kwenye waya inawezekana."

"Mimi niliona," Cheche akasema taratibu. "Tangu kipandio cha tano niliona inakwenda kulia. Nikajua Baba amebadilisha."

Mzee akamgeukia. "Nibadilishe, nimwambie nani? Nyinyi si mmesema karatasi inajua kila kitu? Mimi nimekaa pembeni, sikutia mkono. Leta grenda."

"Baba, subiri," Mchoraji akasema.

"Nisubiri nini? Leo siku gani? Tukikata sasa hivi, tukichomelea upya mfululizo, tutaiwahi Jumamosi. Leta grenda!"

"Baba, nimeshuka kwenye ngazi zote mbili."

Mumewe akashika kichwa. "Umeshuka wapi wewe?"

"Kwenye mashine. Kwa kimo cha Mama. Hii ukipanda ni mbaya, sikatai. Lakini ukishuka kishikio kiko kulia. Ile tuliyoitaka sisi, ukishuka kishikio kinakuwa kushoto. Mama angeshika hewa."

Mzee akainua mkono wake wa kulia, akauzungusha hewani, anapanda kwa mkono, anashuka kwa mkono. Akarudia. Kisha uso ukamkunjamana.

"Usinigeuzie kosa likawa akili, mkwe wangu."

"Kosa ni kosa, Baba. Sijasema si kosa. Nasema msikate kabla Mama hajajaribu."

"Nimjaribishie mke wangu ngazi iliyoharibika? Akianguka tena?"

"Nyie," Mama akasema kutoka kwenye kiti. "Mnanijadili kama kabati. Kabati lipite huku, kabati lipite kule. Nani anapanda hiyo ngazi?"

"Wewe, mama watoto," Mzee akasema.

"Basi kazeni hiyo bolti ya nne. Cheche, njoo nyuma yangu. Nikidondoka ukinikwepa, sitakusamehe."

"Mama, nikikukwepa hata mimi sitajisamehe, maana Baba ataniua kwanza."

Wakaikaza bolti. Mama akaondoa shuka, akasimama, akakataa mkono wa mumewe, akaukubali wa mkwe wake mpaka kwenye kipandio cha kwanza. Akaikumbatia nguzo kwa mkono wa kulia, mguu mzima ukatangulia, ule mbovu ukaufuata. Kwenye kipandio cha tatu kandambili ikamchomoka, ikaanguka chini. Mzee akafumba macho.

"Fumbua macho," Mama akamwambia bila kutazama nyuma. "Hata nikianguka hapa naanguka mbele, nafikia magoti. Kuanguka kwa kushuka ndiko ninakokujua mimi."

Alipanda taratibu mno. Alipumzika mara mbili, shavu limeegemea chuma, anahema. Mchoraji alikuwa chini anahesabu mbavu za vipandio, zile zile alizoziona kwenye kioo. Mama akafika juu. Akaketi kwenye kipandio cha mwisho, akatazama mbele yake, akaanza kucheka mpaka bega la kulia likatikisika.

Mbele yake kulikuwa na vyuma vya roshani. Mzee alikuwa ameshakata kipenyo cha kupitia, lakini kwa ile ngazi ya mchoro wa kwanza, upande wa pili. Ngazi imegeuka, kipenyo hakikugeuka.

"Nimefika nyumbani," Mama akasema kwa sauti, "na mlango mmefunga."

"Cheche, mshike!" Mzee akapiga kelele. "Grenda! Nimesema grenda tangu lini?"

Safari hii hakuna aliyembishia. Mume wa Mchoraji akapita ndani, akapanda ile ngazi mbovu ya mbao, akatokea roshani na grenda. Mama akajifunika uso kwa kitambaa, cheche zikaruka mpaka uani, na kile kipande cha roshani kikatoka. Akaingia chumbani kwake akisukuma mlango kwa kiuno. Wakamsikia anafungua dirisha.

Wakasubiri chini. Chai ikaja, ikapoa.

"Mama," Mchoraji akaita hatimaye. "Shuka basi tuone."

Kichwa kikatokea dirishani. "Nishuke? Mwaka mzima nimelala huko chini. Nitashuka nikitaka."

Siku hiyo hakutaka. Chakula alipelekewa. Mzee alikaa uani mpaka giza likaanza kuingia, kisha naye akapanda, akikigusagusa kishikio kwa kiganja kana kwamba kina moto. Kabla hajaingia ndani alisimama juu, akamtazama mkwe wake aliyekuwa anakusanya vikombe.

"Kesho njoo na hicho kimashine chako."

"Kimashine hakibebeki, Baba. Ni kikubwa."

"Basi nitakuja mimi. Unionyeshe unavyotembea humo ndani."

Asubuhi Mchoraji, aliyelala pale pale kwa wakwe zake, alikuwa jikoni, maji yako motoni yanachemka, aliposikia chuma kinalia uani. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, kisha mmoja tena. Alichungulia. Mama alikuwa katikati ya ngazi peke yake, kitambaa cha kichwa hakijafungwa vizuri, mkono wa kulia umekamata kishikio mpaka vifundo vya vidole vimepauka. Mguu mzima, mguu mbovu, mkono unateleza mbele kidogo, unakamata. Mchoraji alitaka kutoka, akajizuia. Alishika sufuria kwa nguvu kama yeye ndiye anayeshuka. Mama akakanyaga sakafu ya ua, akavuta pumzi, akaita, "Chai iko wapi? Au nayo inatazamwa kwa chini?"

Jumamosi gari lilikuja. Mtoto wa dada alikunywa chai, akatazama ngazi, akarudi peke yake.

Mzee alichomelea chuma kingine chembamba kuizunguka nguzo, ili Mama apate pa kushika anapopanda. Alikichora kwa chaki sakafuni.

Mama alilala kwenye chumba chake cha juu miaka kadhaa, akafia humo, kwa ugonjwa wa mapafu. Hakuanguka tena. Dada yake alikuja kumtembelea mara moja, akakataa kupanda, wakazungumza siku nzima mmoja dirishani na mmoja uani. Mzee alimfuata mkewe baada ya misimu miwili hivi ya mvua. Magoti yalipomshinda kabisa alikuwa akichorea juu ya meza.

Mume wa Mchoraji alipata kazi ya kuchomelea matangi mbali na nyumbani, akarudi, akaenda tena. Sasa yuko nyumbani, mgongo hauna raha. Cheche alifungua karakana yake ng'ambo ya barabara, anatengeneza mageti. Siku hizi akiona kitu kinakwenda upande asioujua, anaacha kazi anauliza, na wateja wake wanamwona msumbufu. Mashati bado yana matundu. Ile kompyuta iliungua, ikauzwa pamoja na vyuma chakavu.

Mchoraji anachora mpaka leo. Kila mchoro anauanza kwa kuweka mtu mfupi aliyesimama, ndipo anaweka kitu chenyewe, na kabla ya kuchapa hupanda na kushuka. Nyumba imepangishwa. Wapangaji wanaitumia ngazi. Pale penye kipenyo cha zamani cha roshani pamezibwa kwa nondo za mraba, na nyingine zote ni za mviringo. Hapajapakwa rangi.